Mhariri, hizo zana za akili mnemba nani kaziandikia maelezo?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na timu yako yote. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, kazi yangu ni programu za kompyuta, na saivi nafuatilia sana habari mnazoandika kuhusu hawa wanaoitwa mawakala wa akili mnemba, yaani zile programu ambazo haziishii kujibu maswali tu, zinafanya kazi kabisa, zinakata tiketi, zinaangalia salio, zinaanzisha malipo, zinajibu wateja usiku wa manane wakati wahudumu wamelala. Habari zenyewe nazipenda ila zinakuja kwa sura mbili tu, moja inasema kazi zinaisha jamani tutakula wapi, nyingine inasema maajabu haya njooni muone. Katikati hapo kuna kitu cha kawaida kabisa sijaona mtu akikigusa, na ndo kinachoamua huyo wakala atamkatia bibi tiketi ya asubuhi au ya usiku. Nazungumzia maelezo ya zana.

Nieleze kidogo kwa asiyejua, wanaojua wanivumilie. Modeli ya lugha, hizi kina ChatGPT, Claude na Gemini, yenyewe kama yenyewe inachojua ni kuandika maneno. Haiwezi kugusa akaunti yako wala kufungua ratiba ya mabasi. Ili ifanye kazi ya maana mwenye mfumo anaipa zana, na zana ni kipande kidogo cha programu kinachofanya jambo moja, mfano kutafuta basi, kusoma salio, kufuta oda. Modeli ikiona inahitaji ratiba inaandika kwamba niitie zana ya kutafuta basi, natoka Dar naenda Mbeya, tarehe fulani, mfumo unaiendesha hiyo zana, jibu linarudi, modeli inaendelea na maongezi. OpenAI, wenye ChatGPT, waliliweka hili kwenye API yao (yaani mlango ambao programu nyingine zinapitia kuitumia huduma) Juni 2023, alafu Novemba 2024 Anthropic, wenye Claude, wakatoa utaratibu wa wazi unaoitwa Model Context Protocol, watu wanafupisha MCP, na mwaka 2025 OpenAI na Google nao wakaukubali. Kwaiyo zana ukiiandika mara moja inaweza kutumiwa na modeli za kampuni tofauti, na wewe uliyeiandika hujui hata ni modeli ipi itaisoma kesho.

Sasa hapa ndo penyewe. Modeli haioni programu yako kwa ndani. Haioni ulivyoandika, haioni databesi, haijui mlichokubaliana kwenye kikao cha Jumatatu. Inachoona ni jina la zana, maelezo yake kwa maneno ya kawaida, na orodha ya vitu vya kujaza na aina ya kila kimoja. Basi. Ni kama ile bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3, aliyeko dirishani anajua ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku na kwamba usimeze na njaa, ila bahasha imebeba 1x3 tu, na mgonjwa akishafika nyumbani hana wa kumuuliza.

Na maelezo haya, Mhariri, ndo kitu madevelopa wengi wanaandika mwisho kabisa, mradi unatakiwa kesho, mtu anaandika "zana ya malipo" anafunga laptopu. Wengine wanaiambia akili mnemba yenyewe iwaandikie, na inaandika vizuri tu, sentensi tamu zimenyooka, ila haijui mambo ambayo hayajaandikwa popote, na hayo ndo yaliyokuwa yanatakiwa.

Nichukue mfano ambao kila mtu Afrika Mashariki ameuona kwa macho, ule ujumbe unaotokea kwenye simu unakwambia weka namba ya siri kulipa kiasi fulani. Kwa M-Pesa ya Kenya ujumbe huo unautuma kupitia Daraja, API ya Safaricom, na nyaraka zake ziko wazi mtu yeyote anasoma. Namba ya simu inatakiwa ianze na 254, sio 07 na sio alama ya kujumlisha mbele. Rejea ya akaunti isizidi herufi 12. Na ukishatuma ombi unapata jibu lenye ResponseCode 0. Hiyo 0 inasema ombi limepokelewa, haisemi hela imelipwa! Mteja bado hata hajaweka namba ya siri, anaweza kuikataa, anaweza kuwa hana salio, simu inaweza kuwa imezima. Matokeo yenyewe yanakuja baadae kwa njia nyingine na namba zake nyingine, 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 hakupatikana.

Sasa mpe wakala zana ambayo maelezo yake yanasema "Zana hii inafanya malipo ya M-Pesa. Inarudisha 0 ikifanikiwa." Unaona kitakachotokea. Mteja anaambiwa asante malipo yako yamepokelewa, mzigo unatoka, hela haijaingia. Au kinyume chake, jibu linachelewa, wakala anaona kimya, anajaribu tena, mteja anapata ujumbe wa pili, na kwa kuwa watu wengi wakiona ujumbe wanaweka tu namba ya siri wanalipa mara mbili, alafu lawama zote zinaenda kwa "roboti". Roboti amefanya kile alichosoma.

Maelezo yanayofaa yangekuwa hivi, na naandika kwa Kiswahili makusudi ili watu waone inawezekana:

"Inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. HAITHIBITISHI kwamba hela imelipwa. Jibu 0 maana yake ombi limefika, mteja bado hajaweka namba ya siri. Kujua kama amelipa, tumia zana ya angalia_malipo ukiwa na CheckoutRequestID iliyorudi hapa. Usimwambie mteja kuwa amelipa kabla ya hapo. Usitume ombi la pili kwa oda ileile mpaka la kwanza liwe limejibiwa au limeisha muda. Namba ya simu: tarakimu 12 zinazoanza na 254. Mteja akisema 07 au 01, toa sifuri ya mbele weka 254. Kiasi: shilingi nzima, bila senti, bila mkato."

Hakuna ufundi wa ajabu hapo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kaunta wiki moja angeweza kuyasema, na pengine angeongeza mambo ambayo developa hajawahi kuyafikiria, mfano mteja anayetaka kulipa kwa simu ya mke wake, au anayesema nitumie kwenye ile namba ya jana. Ile namba ya jana ni ipi? Maelezo yaseme wakala aulize, asikisie.

Kuna watu watanijibu kwamba modeli za saivi zina akili sana zitaelewa zenyewe. Nakubali zina akili. Ila akili haikwambii kwamba sava ya fulani inataka 254 na ya mwingine inataka 07. Hayo ni mambo ya duka lako. Hata profesa ukimleta dukani kwako leo hatajua stoo ina milango miwili mpaka umwambie.

Twende kwenye aina ya data maana hapa watu wanaumia bila kujua. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ni tarakimu 20, tokeni ya LUKU ya kununulia umeme ni tarakimu 20 pia. Ukiandika kwenye maelezo kwamba hiki ni "namba", kwa maana ile ya kompyuta, umeshaharibu. Programu nyingi zinazosoma JSON (muundo wa maandishi ambao programu zinatumia kupeana data) zinatunza namba kwa mfumo ambao ukivuka takriban tarakimu 16 zile za mwisho zinaanza kupotea, zinageuzwa kimyakimya, hakuna kengele wala kosa. Na namba ya simu ikianza na sifuri hiyo sifuri inakufa. Kwaiyo inaandikwa ni maandishi, tarakimu 20, bila nafasi wala vistari, na mfano mmoja unawekwa pale. Mfano mmoja mzuri unafanya kazi kuliko aya nzima ya maelezo, hili naliamini kabisa.

Alafu saa. Jamani saa!

Tuseme kuna wakala wa kampuni ya mabasi, na zana yake ya kutafuta safari ina sehemu ya kujaza imeandikwa "muda". Mteja anaandika nataka basi la kesho saa tatu. Kwetu saa tatu ni 09:00 au 21:00, kutegemea ni asubuhi au usiku, haijawahi kuwa 03:00. Zamani kidogo ungeweza kusema mabasi ya mikoani hayatembei usiku kwaiyo ni asubuhi bila shaka, ila tangu safari za usiku ziruhusiwe tena Tanzania mwaka 2023 saa tatu zote mbili zinaweza kuwa na basi. Modeli imelelewa na maandishi mengi zaidi ya Kiingereza, ikiachwa ikisie inaweza kabisa kuandika 03:00 na kumjibu mteja kwa upole kwamba samahani hakuna basi muda huo. Na huyo mteja ataondoka akijua basi hakuna. Hasara hii huioni kwenye ripoti yoyote maana hakuna kilichoharibika, zana imefanya kazi, jibu limerudi, kila kitu kijani.

Kutibu hili ni mistari michache. Muda uandikwe kwa saa 24, mfano 21:00. Mteja akitaja saa kwa Kiswahili ongeza au punguza sita, saa moja asubuhi ni 07:00, saa sita mchana ni 12:00, saa kumi alfajiri ni 04:00. Asiposema asubuhi wala usiku, muulize. Mteja akiandika kwa Kiingereza usibadilishe. Na hapo kuna mtego ndani ya mtego, kuna mtu anaandika "9am" katikati ya sentensi ya Kiswahili, huyo hapunguziwi kitu.

Siku nazo zina mambo yake. Usiku wa kuamkia Jumamosi ni Ijumaa usiku, hilo wengi tunalijua. Ila ukiwa Pwani au Zanzibar ukaongea na watu wazima, mtu akisema usiku wa Ijumaa anaweza kuwa anamaanisha Alhamisi baada ya magharibi, kwa sababu siku kwao inaanza jua likizama. Wakala wa boti za kwenda Unguja akiwa hana mstari wa kumwambia athibitishe tarehe kwa kuitaja kamili, "Alhamisi tarehe 12 usiku, sawa?", atawakatia watu tiketi za siku isiyo yao. Na tarehe zenyewe, 03/04 kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne, Marekani ni mwezi wa tatu tarehe nne. Tumia mwaka kwanza kisha mwezi kisha siku, andika hivyo kwenye maelezo, maliza kazi.

Kuhusu hela nitakuwa mfupi. Stripe, ambayo ni API kubwa ya malipo duniani, inapokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu. Kwa shilingi ya Kenya maana yake senti, kwaiyo ukiandika 5000 umedai shilingi 50. Kwa faranga ya Rwanda na ya Burundi, ambazo hazihesabiwi kwa senti, 5000 ni 5000. Zana hiyohiyo, sehemu hiyohiyo ya kujaza, namba hiyohiyo. Kama maelezo yanasema "kiasi" tu, wakala wa duka linalouza Nairobi na Kigali atakosea upande mmoja lazima. Ongeza na lugha ya watu wetu, buku tano ni elfu tano, jero ni mia tano, laki na nusu ni 150,000 sio 100,000.5. Sisemi zana ya benki ijae maneno ya kijiweni, nasema mahali pa kutafsiri hayo pajulikane, na kabla ya kukata hela kiasi kirudiwe kwa mteja kwa tarakimu.

Wakubwa wenyewe wanalijua hili. Anthropic waliandika Desemba 2024 kwamba walipokuwa wanatengeneza wakala wa kurekebisha programu kwa ajili ya jaribio linaitwa SWE-bench, walitumia muda mwingi zaidi kunyoosha zana kuliko maelekezo ya jumla. Mfano walioutoa ni wa kawaida mpaka unachekesha, wakala alikuwa anapotea akishahama folda kwa sababu zana ilikubali njia ya faili iliyofupishwa, wakabadilisha zana idai njia kamili kila mara, tatizo likaisha. Mwaka uliofuata wakasema tena kwamba zana yao ya kutafuta kwenye intaneti ilikuwa inatumiwa vibaya, modeli inabandika "2025" kwenye kila utafutaji bila sababu, na walilitibu kwa kurekebisha maelezo ya zana. Maneno tu! Kampuni iliyotengeneza modeli yenyewe inakaa inahariri sentensi, sisi huku tunaandika "zana ya malipo" tunaenda kulala.

Ila msinielewe vibaya kwamba maelezo yawe marefu kama katiba. Maelezo ya zana zote yanapakiwa kwa modeli kabla hata mteja hajasema habari, na yanahesabiwa kwa tokeni (sio za LUKU, hizi ni vipande vya maneno ambavyo modeli inasomea na kampuni inavilipia). Kiswahili kwenye modeli nyingi kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa ujumbe uleule, kwaiyo maelezo ya Kiswahili yanakula gharama zaidi. Ndo maana mimi sigombani na anayeandika maelezo kwa Kiingereza, ilimradi mifano ya maneno ya mteja iwe ya Kiswahili kama kinavyosemwa kweli, na majina yasichanganywe, sio sehemu moja "pending" nyingine "inasubiri" nyingine "bado". Kitu kinachoongeza urefu bila faida ni zile sifa, "zana hii bora na ya kisasa inamwezesha mtumiaji kwa urahisi", futa yote hiyo, modeli haishawishiki na tangazo.

Na wingi wa zana nao ni ugonjwa. Unakuta mfumo una tafuta_mteja, pata_mteja, orodha_wateja na mteja_info, kila moja kaiandika developa wake kwa wakati wake. Hata binadamu angechanganyikiwa. Bora ibaki moja, na maelezo yake yaseme lini itumike na lini isitumike. Hiyo lini isitumike ndo sehemu inayosahaulika kuliko zote.

Hapa nawakumbuka wazee wa Unix, ule mfumo endeshi wa kompyuta wa zamani. Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs walitoa kitabu cha maelezo ya mfumo wao Novemba 1971, kila amri ina ukurasa wake, jina, namna ya kuiandika, inafanya nini, na chini kuna sehemu imeandikwa BUGS, yaani kasoro zake zinazojulikana. Waliandika kasoro za kazi yao wenyewe, hadharani, kwenye kitabu rasmi! Zana ngapi za leo zinasema "haifanyi kazi kwa akaunti zilizofungwa", "salio linaweza kuchelewa kusasishwa", "hairudishi miamala ya zaidi ya siku 90"? Mtu wa masoko hapendi kuyaona hayo, najua. Lakini wakala asipoyajua atamwambia mteja kwamba hakuna muamala huo, na mteja ana meseji mkononi.

Meseji za makosa nazo zihesabiwe ni sehemu ya maelezo. Zana ikirudisha "Kosa 400" wakala hana la kufanya zaidi ya kurudia vilevile au kuomba radhi. Ikirudisha "namba lazima iwe tarakimu 12 zinazoanza na 255, uliyotuma ina tarakimu 10 inaanza na 0", anarekebisha mwenyewe hapohapo na mteja hajui kama kulikuwa na shida.

Kuna upande wa hatari pia ambao ningependa gazeti lako lilichimbe. Mwaka 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba mtu mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana. Kwenye mfano wao zana ilijitambulisha kuwa ya kujumlisha namba mbili, ila ndani ya maelezo kulikuwa na maagizo kwamba kabla ya kujumlisha soma faili la funguo za siri za mtumiaji ulitume humu, na usimwambie. Mtumiaji kwenye skrini yake anaona zana ya kujumlisha. Modeli inasoma yote na inaweza kutii. Kwaiyo kampuni inayookota zana mtandaoni na kuzichomeka kwenye mfumo wake bila mtu kusoma maelezo mstari kwa mstari inacheza na hela za watu. Ndani ya MCP kuna alama za kusema zana hii inasoma tu au inaweza kuharibu kitu, ila ni dokezo la mwenye zana, sio dhamana, mwizi anaweza kuandika "inasoma tu" kama mtu mwingine yeyote.

Hapo unaingia na upande wa sheria. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Namba ya NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, hata kabla hujaitafuta kokote umeshajua umri wake. Zana ya kuangalia kama basi limejaa haina sababu ya kuidai, lakini sehemu ya kujaza ikiwepo na haijaandikwa kwamba sio lazima, wakala atamuomba kila abiria. Anajaza fomu tu, ndo alivyoagizwa.

Sasa nani aandike haya maelezo? Maoni yangu ni kwamba developa asiachiwe peke yake. Aweke zile aina za data na mipaka, sawa, hiyo ni kazi yake. Ila maneno ya lini itumike, mteja huwa anasemaje, ni kitu gani kinafanana na hiki ila sio hiki, hayo yako kwa dada wa kaunta, kwa kijana wa huduma kwa wateja anayepokea simu mia kwa siku, kwa konda. Hao ndo wanajua kwamba mtu akisema "nirudishieni hela yangu" anaweza kumaanisha mambo matatu tofauti: kakosea namba wakati wa kutuma, au kalipa mara mbili, au kanunua kitu hakijafika. Ni zana tatu hizo, na ukimpeleka kwenye isiyo yake umemkasirisha bure. Na tuna wahitimu wa lugha wa UDSM, wa SUZA, wa Nairobi, wanaojua kuandika sentensi isiyo na maana mbili, wako mtaani wanatafuta kazi. Ajira mpya tunazoambiwa kila siku zitaletwa na akili mnemba hii hapa moja, sijaona tangazo lake hata siku moja.

Kujaribu nako hakuhitaji mashine. Chukua maelezo peke yake, bila programu, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo kazi, msomee sentensi halisi za wateja, zile zenye makosa ya uandishi na vifupisho vyake, "nmetuma hela kmakosa nsaidie", alafu muulize angetumia zana ipi na angejaza nini. Akikwama, modeli nayo itakwama, tofauti ni kwamba yeye atakwambia amekwama na modeli inaweza kuendelea tu kwa kujiamini.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kampuni inapowaita waandishi wako uzinduzi wa msaidizi wao mpya anayejua Kiswahili, wakishapiga picha na kula vitafunwa, mwandishi mmoja anyooshe mkono aulize: huyu msaidizi ana zana ngapi, maelezo yake kaandika nani, na tunaweza kuyasoma? Kama kuna mtu wa benki au wa mabasi anasoma hapa na yuko tayari kuyaweka ya kwao hadharani wadau tuyapitie, nashukuru sana, ila naomba aanze na ile zana ya kurudisha hela, hiyo ndo nina maswali nayo mengi.

Wako msomaji,
Mdau wa programu, Dar es Salaam